Jalada la Mjane wa Dundee

Tottenham, London
4 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia karatasi kama unavyopenda, maana simu ya hapo nyumbani ni ya mke wa mwanao Cosmas, na linalosemwa sebuleni linafika hadi bandani kwa ng'ombe. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma mifupa lakini nimeizoea.

Nina jambo la kukuuliza. Tangu Novemba kampuni imenipa mzee mpya wa kumtunza, siku nne kwa wiki, huko Kilburn. Anaitwa Eddie Rankine, ana miaka themanini na minane, na miguu imegoma. Namwogesha, nampikia uji, nampa dawa. Siku ya kwanza aliniuliza jina langu. Nilipomjibu Dinah Mmari, aliniambia nilirudie, nikalirudia. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili cha ajabu, "Wewe natoka wapi?" Nikamwambia Siha, chini ya Kilimanjaro. Kumbe alizaliwa hapohapo, Shangazi. Wazazi wake walikuwa na shamba la kahawa, lile mnaloliita Shamba la Juu.

Ameniomba nimtafutie habari za mama yake. Aliondoka huko akiwa na miaka kumi, akapelekwa shule Uskoti kwa mama yake mdogo, na miaka miwili baadaye akaambiwa mama amekufa kwa malaria. Haamini. Anataka kujua alikufaje na amezikwa wapi. Nikamwambia mimi si polisi. Akasema, "Wewe najua kusoma." Basi siku zangu za mapumziko naenda kwenye jumba la nyaraka huko Kew, nasoma.

Nimeshapata kiasi. Aliitwa Agnes Lamond, mzaliwa wa mji wa Dundee, mwaka 1909. Gazeti la huko linasema baba yake alifungwa siku thelathini kwa kumvunja mkewe taya kwa chuma cha kuchochea moto, na aliyetoa ushahidi alikuwa Agnes mwenyewe, miaka kumi na mmoja. Alipofika kumi na minne aliingia kiwanda cha magunia. Mwaka 1931 akaolewa na William Rankine. Mwaka 1933 majina yao yako kwenye orodha ya abiria wa meli iliyokwenda Tanga. Mwaka 1940 mumewe akafa kwa risasi, na kuanzia hapo kila karatasi inamwita mjane Rankine. Alikufa Februari 1948.

Wewe ulikulia pale. Ulikuwa mdogo, lakini pengine unamkumbuka?

Mimi mwanao,
Dinah

*

S.L.P. 61, Siha
27 Februari 2024

Dinah mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, tumefurahi kwamba u mzima. Mvua imechelewa, mahindi yanajikunja. Cosmas amenunua mtamba.

Habari ya wazungu wa Shamba la Juu ni ya zamani. Walikuwapo, wakaondoka. Huyo mama alikufa kwa malaria, kama alivyoambiwa mwanawe. Malaria iliua wengi. Alikuwa mwanamke mrefu, alivaa viatu vya kiume na kofia ya marehemu mumewe, na alitembea akiwa na kiboko mkononi hata alipokuwa akienda kuchuma maua. Zaidi ya hayo sijui.

Wewe ulikwenda huko kuwaosha wazee. Kufukua waliokufa hukutumwa na mtu. Mpe mzee dawa zake, umwambie hakuna kilichopatikana.

Usisahau kusali.

Shangazi yako,
Aikaeli

*

Tottenham
25 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilitaka kutii, lakini barua yako ilipofika nilikuwa nimeshaagiza jalada la kifo cha mumewe. Soma hili ukiwa umekaa.

Ni uchunguzi wa mwaka 1940. Ndani yake kuna barua ya daktari wa hospitali ya misheni. Anasema ndani ya miaka mitatu alimfunga Agnes Rankine mkono uliovunjika mara mbili, na safari ya tatu alimshona kichwani nyuzi kumi na tisa. Kila mara mgonjwa alisema ameanguka kutoka kwenye farasi. Daktari ameongeza kwa mkono wake: *Familia hii haina farasi.*

Halafu ule usiku wa Juni mumewe akapigwa risasi ya kifua sebuleni. Polisi walimshuku mjane. Walitaka kumpeleka mahakamani, na kwa kosa hilo angenyongwa. Aliyemwokoa ni mpishi. Aliapa kwamba alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akamwona bwana akisafisha bunduki, ikafyatuka yenyewe. Walimhoji siku mbili. Askari mmoja ameandika bila aibu kwamba "alitiwa moyo kwa fimbo". Hakubadili hata neno. Mwisho wa maelezo kuna dole gumba, na jina: Ndekirwa Mmari.

Ni babu, Shangazi. Nimeliona dole la babu yangu, wino bado mweusi. Nimekaa pale nikalia mpaka mama mmoja wa meza ya jirani akanipa kitambaa. Baba alikuwa akisema hatuna hata picha ya babu, kwamba alikwenda vita vya Burma na hakurudi. Mbona hamkutuambia alikuwa mpishi wa hao watu?

Sijamwambia Eddie. Nataka kwanza nimalize. Jalada la kifo cha mjane, la 1948, litatolewa wiki ya pili ya Aprili.

Dinah

*

Siha
9 Aprili 2024

Dinah,

Nimempa Cosmas barua hii aipeleke Moshi leo hii kwa mtu anayesafiri Alhamisi, ikuwahi.

Jalada hilo usilifungue. Nakuomba kama mama yako. Sikukulea kwa maneno mengi, nawe hukuwahi kuniona nikiomba kitu.

Aikaeli

*

Tottenham
14 Aprili 2024

Shangazi,

Barua yako imenifikia jana. Jalada nililifungua Jumatano.

Agnes Rankine alikufa Ijumaa, tarehe 20 Februari 1948, saa kumi jioni, barazani mwa nyumba yake, kwa mapigo matatu ya shoka. Pigo la kwanza lilikata bega, la pili shingo, na la tatu, daktari anasema, halikuhitajika. Muuaji aliliosha shoka, akalirudisha kwenye kuni, akakaa ngazini kusubiri polisi. Kesi ilichukua asubuhi moja. Jaji alimuuliza kama ana la kusema, akasema, "Nimefanya." Hawakumuuliza kwa nini, na kama walimuuliza hawakuandika. Alinyongwa Agosti mwaka huohuo.

Dole gumba ni lilelile. Sasa nalijua kama uso wa mtu.

Kwa hiyo Burma hakufika. Baba amekufa akiamini baba yake ni shujaa wa vita. Kila Novemba, watu wa huku wakivaa maua mekundu kukumbuka wanajeshi, na mimi nilikuwa nabandika langu kwenye koti kwa ajili ya babu. Miaka kumi na sita nimelibandika. Mlitudanganya wote, na wewe uliyekuwa ukituchapa kwa uongo ndiye ulikuwa na mkubwa kuliko wote.

Na hebu fikiria. Nampaka mafuta mgongoni mtoto wa mwanamke ambaye babu yangu alimkata shingo. Jana aliniuliza, "Wewe napata?" Nikamwambia bado. Nikamwaga maji ya moto, yakamuunguza kidogo paja. Alisema si kitu.

Niambie kwa nini babu alifanya vile, au nitamwambia mzee kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba babu yangu alikuwa mnyama.

Dinah

*

Siha
6 Mei 2024

Dinah mwanangu,

Nimeandika barua hii kwa siku nne. Cosmas anadhani naandika wosia.

Babu yako hakuwa mnyama. Nitakueleza kama nilivyoona, na yale ambayo sikuyaona nitasema niliambiwa na nani.

Habari ya bunduki niliambiwa na mama yangu, bibi yako Manka. Usiku ule Bwana Rankine alikuwa amemshika mkewe nywele, anamgongesha kichwa kwenye ukingo wa meza, mara baada ya mara, kama mtu anayevunja kokwa. Mtoto wao Eddie alikuwa amesimama pale na nguo ya kulalia. Bibi, ndivyo tulivyomwita mke wa Rankine, akanyoosha mkono, akaipata bunduki. Baba aliyaona yote. Alimbeba mtoto nje, kisha akarudi akamwambia bibi, "Ilikuwa inasafishwa." Polisi walipompiga kwa siku mbili, alikojoa damu. Mama alimuuliza kwa nini anateseka kwa ajili ya mzungu. Alisema, "Hata ng'ombe akipigwa vile ningemfungua kamba."

Baada ya hapo bibi alikuwa mwema kwetu. Mwaka, pengine miwili. Alitupa kiwanja ndani ya shamba, mama akalima ndizi. Kisha akaanza kutembea na kile kiboko cha mumewe. Kwanza alikibeba tu. Kisha akampiga mtu aliyelala zamu. Halafu ikawa kila wiki, wanaume wamelazwa kifudifudi kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, naye anahesabu kwa sauti. Nilimwona mzee Aminieli akitolewa pale ngozi ya mgongo inaning'inia kama gome la mgomba. Baba alikuwa akipeleka chai ndani huku anasikia. Hakusema kitu. Namlaumu kwa hilo mpaka leo.

Vita vilipokwisha alitaka kulima ngano. Familia thelathini tulikuwa tunakaa ndani ya shamba. Alitupa mwezi mmoja tuhame. Watu hawakuwa na pa kwenda, wakabaki.

Jumanne walikuja na lori na wanyapara wanane. Baba alikuwa jikoni kwa bibi. Wanyapara waliwakamata wanawake majumbani, wakawapiga, wakawapakia kwenye lori. Mama Ndeanka alivunjwa meno kwa rungu mbele ya macho yangu kwa kuwa alishikilia mlango. Mama yangu akanifunga mtoto mgongoni, ndiye baba yako, alikuwa na miaka miwili na nusu. Akaniambia, "Kaa nje. Wakikuuliza, sema hakuna mtu ndani, mama amekwenda sokoni. Nitajificha mpaka baba yako arudi amsihi bibi." Kuchoma nyumba hakukuwa kumetajwa na yeyote. Tulijua watatupakia tu.

Bibi mwenyewe alikuja, na kofia yake. Akasimama mbele yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Iko mtu ndani?" Nikasema, "Hakuna mtu ndani."

Akatoa ishara. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi mpaka chini, kama kofia iliyowekwa ardhini. Ziliwaka kama karatasi. Nilipomsikia mama nilikuwa nimeshasukumwa nyuma ya lori. Nilipiga kelele, lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele. Baba aliuona moshi akaja mbio na aproni yake. Alimtoa kwa mikono. Sitakuandikia alichokitoa.

Tulimzika Jumatano. Tulikuwa tunalala kwenye stoo ya magunia, mimi, mtoto na baba, mikono yake imefungwa matambara. Ijumaa asubuhi alivaa kanzu yake nyeupe akarudi kazini. Watu walimtemea mate. Alipika chakula cha mchana. Saa kumi alimpelekea bibi chai barazani, mimi niko ngazini na mtoto. Akaweka sinia mezani. Akaenda kwenye kuni akarudi na shoka.

Bibi hakukimbia. Alisimama akasema, "Dekira," ndivyo wazungu walivyolitamka jina la baba, "mtoto wako aliniambia hakuna mtu."

Baba akageuka akaniangalia.

Dinah, sijui ilikuwa muda gani. Aliniangalia mimi. Kisha akamgeukia akampiga. Damu ilifika kwenye miguu ya mtoto. Baba alipomaliza hakunitazama tena, wala hakuniambia neno, na polisi walipomchukua hakugeuka. Sikumwona tena. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimemuua mama yangu kwa maneno matatu, na baba alilijua hilo akiwa anakwenda kamba shingoni.

Burma nilitunga mimi. Baba yako alianza kuuliza akiwa na miaka mitano, na kijiji cha pili walikuwapo waliorudi vitani wanaheshimiwa. Nikaona nimpe baba wa kuheshimiwa. Usimlaumu mwingine yeyote.

Mwambie mzee wako. Ni haki yake kujua mama yake aliuawa na kwa nini. Mwambie habari ya lori, moto na shoka. Ila lile neno langu liache. Hilo si la kwake.

Shangazi yako,
Aikaeli

*

Tottenham
2 Juni 2024

Shangazi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, unisamehe mwandiko.

Nilimwambia Jumatatu iliyopita, asubuhi, baada ya uji. Nilikaa mbele yake nikamweleza yote kama ulivyoniagiza. Neno lako nililiacha. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye moto. Hapo akaanza kusema, "Nyamaza." Sikunyamaza. Nikamwambia bibi yangu alikuwa ndani. Akainua ile fimbo yake ya kutembelea, ya mti mgumu na kichwa cha shaba, akanipiga. Nilikinga uso, ikanivunja kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa ulivyolia, kama kuni kavu. Akapiga tena, ikapata sikio. Nilianguka kati ya kiti na jiko, naye akawa anapiga meza, vikombe, dirisha, na mwisho akaigeuzia paji la uso wake mwenyewe. Damu ilimjaa machoni, anasema, "Najua, najua, najua."

Varsha alipanda mbio. Huyu ni mama wa Kihindi mwenye duka la vyakula chini ya nyumba, mzaliwa wa Arusha. Alimnyang'anya fimbo, akaita gari la wagonjwa, tukapelekwa wote wawili hospitali moja kwa magari tofauti. Mimi wameniwekea chuma na skrubu tano. Yeye ameshonwa na kurudishwa kwake.

Kampuni wanataka nimshitaki. Polisi aliyekuja ni kijana mstaarabu, akaniuliza nini kilimkasirisha mzee. Nilimwambia tulikuwa tunazungumza habari za zamani. Sijatia saini kitu.

Lile neno "najua" linanisumbua. Alikuwa anajua nini?

Dinah

*

Tottenham
19 Juni 2024

Shangazi,

Jana Varsha alipanda treni mbili kuniletea bahasha kutoka kwa Eddie. Ndani mlikuwa na barua yake kwako, imeandikwa kwa Kiswahili chao cha shambani. Nakutumia kama ilivyo. Pamoja nayo kuna barua nyingine, ya zamani, ya Kiingereza, ya mama yake mwenyewe. Nimekuandikia maana yake kwenye karatasi ya tatu. Nimeihakiki mara mbili nisije nikakosea hata neno moja.

Nimeisoma nikiwa peke yangu jikoni. Isome ukiwa na Cosmas karibu.

Dinah

*

Kilburn
16 Juni 2024

Aikaeli,

Mimi Eddie. Kama wewe iko yule toto ya Dekira, mimi nakumbuka wewe. Wewe nachezea mawe nyuma ya jiko. Mimi iko mzee sasa, mimi nasahau maneno mingi.

Mimi napiga Dinah. Hii iko mbaya sana. Yeye naosha mimi kama mtoto, mimi navunja mkono yake. Mimi hapana taka yeye nasamehe.

Ile siku ya bunduki mimi naona. Baba nataka ua mama. Mama napiga yeye risasi. Dekira nabeba mimi inje, nasema, "Bunduki nalia peke yake." Polisi nauliza mimi, mimi nasema hii maneno. Mimi iko na miaka ine.

Siku Dinah nasema jina yake Mmari, mimi najua iko watu ya Dekira. Mimi hapana sema. Mimi nataka yeye natafuta, sababu mimi naogopa tafuta. Mwaka 1979 mama mdogo yangu, Jean, nakufa. Ndani ya sanduku yake mimi nakuta barua. Mama yangu naandika siku mbili mbele ya kufa. Mimi nasoma mara moja, mimi naficha. Mimi naambia mtu hapana, miaka arobaini na tano. Dinah nasema moto, mimi napata wazimu.

Sasa wewe chukua hii barua. Mimi hapana taka tena ndani ya nyumba yangu.

Kama wewe najua pahali ya kaburi ya mama, tafadhali sema.

Eddie Rankine

*

[Karatasi ya tatu, kwa mwandiko wa Dinah]

Shamba la Juu, Jumatano, 18 Februari 1948

Jean mpenzi,

Jana tuliwaondoa watu. Mwanamke mmoja amekufa, mke wa Dekira, mpishi. Utasikia kwa wengine, bora usikie kwangu.

Wote hapa wananifariji. Mkuu wa wilaya ameshaandika kwamba ni ajali, kwa sababu mtoto wa mpishi, msichana mdogo, aliniambia nyumba haina mtu. Nimekubali iandikwe hivyo, na nitaendelea kusema hivyo.

Lakini nilimwona, Jean. Kabla sijamuuliza mtoto. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, nikaona mguu wake ukivutwa nyuma ya pipa. Nilimuuliza mtoto ili mama yake asikie sauti yangu, ajue niko pale. Hakutoka. Nilikasirika kwamba ananijua na hatoki. Nikasema wawashe, nikidhani atakimbia nje na wengine wataona ninachomaanisha. Halafu paa likashuka lote kwa mara moja.

Mtoto yule angeweza kusema lolote. Angesema mama yumo, bado ningewasha.

Dekira hajaja kazini. Kama akija sijui nitamwangalia vipi. Usimwambie Eddie.

Dada yako,
Agnes

*

Siha
11 Julai 2024

Dinah mwanangu,

Zimefika Jumanne ya wiki iliyopita, zote tatu. Cosmas alikuwa shambani, sikumsubiri.

Nilisoma ile karatasi ya tatu nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa chini, si kwenye kiti, chini sakafuni, na mke wa Cosmas alidhani nimepooza. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Majirani walikuja wakidhani kuna msiba. Niliwaambia upo.

Miaka sabini na sita nimekuwa nikijibu lile swali upya. Nikiwa napika, nikiwa nafundisha, nikiwa kanisani, nasema, "Mama yumo ndani," na yule bibi anashusha mkono. Kumbe hakuwa ananiuliza mimi.

Linalonikata sasa ni baba. Yeye alikwenda akiamini. Hakuna barua itakayomfikia.

Jumapili niliwaita Cosmas na mkewe na wajukuu, nikawaambia babu hakufika Burma, nikawaeleza yote, na neno langu pia. Mjukuu wa mwisho aliuliza kama ni siri. Nikasema hapana.

Kuhusu wewe. Kwa mzee usirudi. Najua moyo wako, utataka kwenda kumwogesha kwa huo mkono mmoja uonekane mwema. Familia hii imeshawatumikia hao watu kiasi cha kutosha. Kumshitaki au kuacha, amua mwenyewe, wewe ndiye uliyepigwa. Nami nakuomba radhi kwa uongo wangu. Ulikuwa na haki ya kunikasirikia.

Hiyo iliyokunjwa ni ya mzee. Mpe Varsha ampelekee, amsomee polepole.

Shangazi yako,
Aikaeli

*

Siha
11 Julai 2024

Eddie Rankine,

Nakuandikia Kiswahili chepesi uelewe.

Mimi ndiye yule mtoto wa Dekira. Nakukumbuka. Ulikuwa na mbwa mwenye jicho moja.

Mimi ndiye niliyeulizwa na mama yako mlangoni. Barua uliyoificha ilikuwa yangu tangu mwaka 1948. Ungeituma ulipoipata, ningeisoma nikiwa na miaka arobaini. Nimeisoma nikiwa na themanini na tano. Hilo sikusamehe, na sikudanganyi kwamba nitasamehe. Lakini umeileta kabla sijafa, na mwingine asingeileta. Hilo pia nalisema.

Mama yako alizikwa palepale shambani, nyuma ya ule uwanja wa kahawa. Jiwe lake halipo. Watu walilivunja kwa nyundo mwaka serikali ilipochukua mashamba, na mimi nilikuwapo, nilipiga nyundo mara ya kwanza. Lakini kaburi halikulimwa. Kila mwaka tunapanda mahindi mpaka ukingoni tunalizunguka. Najua lilipo hata nikifumba macho.

Njoo kama unaweza, na kama miguu imekataa tuma mtu wa ukoo wako. Nyumba yetu iko kando ya barabara, uliza kwa Mwalimu Aikaeli. Nitakupokea, nitakupikia. Mama yangu Manka amelala mahali nyumba yake ilipokuwa, na kutoka kwake mpaka kwa mama yako ni hatua mia mbili, nimezihesabu. Tutaanza kwa mama yangu. Utasimama pale muda nitakaotaka mimi. Kisha nitakushika mkono nikupeleke kwa wako.

Aikaeli, binti wa Manka